Dawa Tatu za Mzee wa Studio

Ukimpelekea filamu, hakuuliza jina lako. Aliuliza, "Ilipigwa saa ngapi? Kulikuwa na jua ama mawingu?" Kama hukujua, aliisukuma ile filamu irudi upande wako wa kaunta, akakuambia uende ukumbuke kwanza. Watu wengi wa Chepseon walisema ana madharau. Tulimwita Mzee wa Studio hata kabla hajazeeka, na sidhani kama kuna mtu aliyejali kujua jina lake lingine, isipokuwa kanisani kwao.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyenipiga picha nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Funga mdomo." Ndiye aliyetupiga picha za harusi, mimi na mume wangu, akatusimamisha chini ya mwavuli wa kanisa kwa sababu mvua ya Kericho haikujali ratiba ya mtu. Baadaye nilipata kazi ya maabara katika shule moja ya upili ya wasichana si mbali na Kabianga, kazi ya kuchanganya kemikali za masomo na kuosha chupa. Hapo akaanza kuniita "madam wa maabara" na kuniomba vitu: karatasi za kuchujia, chupa za kahawia, kipimajoto. Kipimajoto hakukirudisha mpaka leo. Badala yake alinifungulia chumba cha nyuma.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Kuta alizipaka rangi nyeusi, ile ya kuzuia kutu kwenye mabati, na mlangoni aliweka blanketi mbili. Alinieleza mambo polepole, kama anayemwonyesha mtu njia ya kwao. Filamu ikitoka kwenye kamera haina kitu cha kuonekana, ingawa picha zimo. Dawa ya kwanza, developa, ndiyo inayozitoa. Dawa ya pili inazizuia zisiendelee kubadilika. "Hii ya pili mtu yeyote anaweza," alisema. "Hata wewe. Kazi yote iko kwa ile ya kwanza. Ukichagua vibaya, hakuna kurudi nyuma. Filamu haioshwi mara mbili."

Alikuwa na developa tatu, na alizizungumzia kama watu wa nyumbani kwake.

Ya kwanza ilikuwa ya unga. Ilikuja kwenye pakiti, akaichanganya na maji ya vuguvugu, akaijaza kwenye chupa mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Hiyo aliiita mpole. Ilifaa nyuso za watu, harusi, watoto, picha zilizopigwa kwenye jua kali la saa sita, wakati majani ya chai yanang'aa na kila mtu amekunja uso. Ubaya wake ni kwamba ilikufa bila kusema. Leo inafanya kazi, wiki ijayo haifanyi, na rangi yake ni ile ile. Kwa hiyo kila chupa aliibandika plasta ya kidonda na kuandika tarehe, na kabla ya kuitumia aliinusa, macho amefumba.

Ya pili ilikuwa maji mazito kama asali. Aliivuta kwa sindano ya ng'ombe, kidogo tu, akaitia kwenye maji mengi. Ilikaa miaka bila kuharibika. Ilikuwa na nguvu, na ilifaa siku za ukungu, zile asubuhi ambapo huwezi kuona wachumaji walioko mistari mitatu mbele yako. Na ilifaa filamu za zamani. Filamu iliyokaa sana hujaa weusi wenyewe, alisema, na ile dawa nzito hukandamiza weusi na kuacha picha. "Hii ni ya wagonjwa," aliniambia. "Usiitoe ovyo."

Ya tatu ilikuwa chai.

Sikuamini mpaka nilipoona. Alichukua chai ile ya vumbi, inayobaki chini baada ya nzuri kuchaguliwa, akaichemsha mpaka ikawa nyeusi kama lami, akaichuja mara tatu na kuiacha ipoe. Magadi aliyakaanga kwanza kwenye sufuria kavu, kwa sababu alisema magadi mabichi ni mavivu. Akaongeza vidonge vya vitamini C kutoka duka la dawa, amevisaga kwa chupa ya soda. Vikikutana vyote vilitoa harufu ya nyasi iliyooza ndani ya soksi. Na picha zilitoka. Zilikuwa na rangi ya kahawia kidogo na hazikuwa nzito, lakini zilitoka. Mimi ninayefanya kazi na kemikali nilizishika kwenye mwanga, nikazigeuza pande zote mbili.

"Hii hakuna mtu alinifundisha," alisema.

Cha kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakunywa chai. Alikuwa Msabato, mtu aliyetoka milima ya magharibi, ng'ambo ya mpaka wa Bomet, na kanisa lao halikubali chai ya majani. Kwa hiyo aliishi maisha yake yote katikati ya mashamba ya chai, alijua chai ya kila kiwanda kwa kuinusa, na hakuwahi kumeza hata kikombe kimoja. Ukimtembelea, alikuletea uji. Jirani zake wa Kipsigis walijaribu kumpa mursik, maziwa yao yaliyoganda kibuyuni, na mursik alikunywa, tena kwa kibuyu kizima. Chai, hapana. "Hiyo ni ya filamu," alisema.

Ijumaa jioni, jua lilipokaribia kuzama, alifunga studio hata kama kuna bibi harusi kwenye kiti. Jumamosi hakugusa kazi. Lakini siku moja, nikipita Jumamosi kuwasalimu, nilimkuta amejifungia chumba cha nyuma. Alitoka amevaa suti ya kanisa, na jasho usoni.

"Nilikuwa naangalia tu baridi imeshuka kiasi gani," alisema. "Kuangalia si kazi."

Mke wake, aliyekuwa hai wakati huo, alisema, "Mwambie. Mimi nimechoka kumwambia."

Dakika alizihesabu kwa nyimbo. Hakuamini saa, alisema saa inakufanya uangalie mkono wako badala ya kuangalia kazi. Aliimba nyimbo za kanisa za lugha ya kwao, na kila dawa ilikuwa na wimbo wake. Ya unga ilikuwa na wimbo mrefu wa taratibu. Ile nzito ilikuwa na wimbo mfupi, wa haraka, wa vijana. Chai ilikuwa na nyimbo tatu mfululizo, kwa kuwa chai inachelewa. Ukikaa kwenye benchi la nje ungejua anatumia nini kwa kusikiliza tu.

Alikuwa mkali. Mama mmoja alileta picha ya binti yake akataka uso upaushwe kabla ya kupelekwa kwa wakwe. Mzee alimwambia, "Huyo aliyezaliwa ndiye utakayempata." Mama akaondoka na hakurudi tena. Lakini mzee huyo huyo aliwahi kukaa siku mbili nzima na picha moja ya kitambulisho, ndogo kama kucha, ya mchumaji wa chai aliyefariki, kwa sababu watoto wake walitaka kitu cha kuweka juu ya jeneza. Aliichapa, akaitupa, akaichapa tena. Watoto walipokuja aliwapa ile ya tisa, na akawaambia kwa hasira kwamba si nzuri, wasimlaumu. Wale watoto walilia palepale. Yeye aliingia chumba cha nyuma na kufunga blanketi.

Na alikuwa na deni la shukrani kwa mume wangu ambalo hakuwahi kulitaja kwa maneno.

Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa upande wake waliambiwa waondoke. Yeye na mke wake walitoka na begi moja na Biblia. Usiku wa pili studio ilivunjwa. Lakini mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai na hakupenda maneno mengi, alikuwa ameshaenda mchana wa siku ya kwanza na wilibaro. Alichukua ile mashine kubwa ya kuchapia picha, akaifunika na nyasi za nepia, akaisukuma mpaka kwetu na kuificha kwenye zizi la ng'ombe. Kuna watu tuliosali nao ambao wangemfanya kitu kibaya kama wangejua. Ilikaa hapo miezi mitano. Ng'ombe wetu aliikojolea.

Mzee aliporudi, mume wangu alimpeleka zizini na kuiondolea mashine nyasi. Mzee aliizunguka mara mbili. Akainama, akaangalia kioo chake kwa karibu.

"Kuna mavi kwenye lenzi," alisema.

Hiyo ndiyo asante iliyotolewa. Wiki iliyofuata alimletea mume wangu kamera ya zamani, nzito, yenye mkanda wa ngozi, na kila Jumapili baada ya kanisa letu akamfundisha kuitumia. Mume wangu alikuwa mtu wa mashine na aliipenda kama mashine. Alipiga picha chache sana. Alisema filamu haipatikani ovyo, hivyo ni lazima uone kwanza kama kitu kinastahili.

Simu zilipokuja, studio ilibaki na picha za pasipoti, ambazo mzee alizichapa kwa kompyuta na kwa dharau. Chumba cha nyuma kilibaki kwake mwenyewe na kwa vijana wachache wa chuo waliopenda vitu vya zamani. Mmoja wao alimrekodi akipika ile chai. "Buda, hii ni moto," kijana alisema. "Watu watajua wewe ni nani." Mzee alimwambia aoshe mikono kwanza.

Video ilipowekwa mtandaoni, kwa siku mbili mzee alitembea Chepseon kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku ya tatu alikuja shuleni kunitafuta, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akanipa simu yake nimsomee watu wameandika nini chini ya ile video. Nilisoma kimoyomoyo. Walikuwa wanacheka. Mmoja aliuliza kama filamu inanyweka na mandazi. Wengi walisema ni uongo, picha zilitengenezwa kwa kompyuta. Nilimsomea maoni mawili yaliyokuwa mazuri, nikamrudishia simu.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mzee."

Alinitazama. Alijua. Akaondoka bila kunywa uji niliokuwa nimemtolea kwenye chupa. Naeleza jambo hili kwa sababu ya kilichofuata, ingawa kwa wakati huo sikuviunganisha.

Mume wangu aliugua wiki tatu tu, kifua, akafariki. Mwaka wake wa mwisho hatukuwa tunaongea sana. Tulikuwa tumepoteza mtoto kabla hajazaliwa, na mimi nikawa natoka kazini, napika, nageukia ukuta. Hakunilaumu. Alikuwa anakaa mlangoni na ile kamera mapajani, ameangalia mashamba. Nakumbuka kusikia ile kamera ikilia, tiki, mara mojamoja, nyuma yangu. Sikugeuka kuuliza anapiga nini.

Kwenye mazishi sikulia. Shangazi zake waliniangalia. Nilirudi kazini baada ya siku kumi, nikaosha chupa. Nilikuwa nakula, nalala, nalipa ada ya mdogo wangu, nasalimu watu. Mama yangu alisema nimekuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo nyumba nyingine. Sikuwa nasikiliza kitu.

Baada ya miaka miwili niliikuta kamera nikitafuta blanketi. Kile kidude cha kuhesabu kilikuwa kimesimama thelathini na sita. Filamu ilikuwa imejaa. Niliipeleka Chepseon siku hiyo hiyo, si kwa hamu, ila kwa sababu nilikuwa na nafasi.

Mzee aliigeuza mikononi. "Alipiga saa ngapi?"

"Sijui."

"Jua ama mawingu?"

"Mzee, sijui. Hakuniambia, na sikumuuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubali jibu hilo. Alikaa chini. Aliniambia filamu yenyewe ilikuwa imepita tarehe hata wakati mume wangu anaiweka kwenye kamera, sasa imekaa miaka miwili kwenye unyevu wetu huu, na hakuna nyingine. Lazima ijaribiwe. Angekata kipande gizani, akioshe peke yake, aone ni dawa gani itafaa iliyobaki. Mwanzo wa filamu huwa umeguswa na mwanga wakati wa kuiweka, kwa hiyo angekata kutoka mwisho.

"Picha mbili zitaenda," alisema. "Siwezi kujua ni zipi. Labda ni mti tu. Labda ni kitu ambacho ungetaka."

"Kata."

"Fikiria kwanza, madam."

"Nimesema kata."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nilimsikia akiimba ule wimbo mfupi wa vijana, kwa hiyo nilijua ni dawa nzito, ile ya wagonjwa, kama ilivyostahili. Wimbo uliisha. Kukawa kimya muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akatoka, mikono ameifuta, na hakuniangalia.

"Imekuwa nyeusi," alisema. "Nyeusi yote. Hiyo dawa imekataa."

"Sasa?"

"Tutafanya na chai. Chai haina haraka. Itaitoa polepole."

Kila siku nawaambia wasichana wa maabara: usiniambie imegeuka bluu, nionyeshe. Hata sikuomba kuona kile kipande. Sikuuliza kwa nini chai, ambayo tangu zamani aliniambia inaongeza weusi wake yenyewe, iwe ndiyo ya filamu iliyokwisha kuzeeka. Nilikuwa na elimu ya kuuliza hayo maswali. Niliitikia kwa kichwa. Akaimba nyimbo tatu.

Zilitoka hafifu, za kahawia, kama zimepigwa kupitia maji ya mtoni. Alizichapa zote thelathini na nne, akazileta mwenyewe mpaka shuleni kwenye bahasha. Kulikuwa na mistari ya chai. Kulikuwa na kituo cha kupimia majani, watu na mifuko yao, nyuso hazionekani. Kulikuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa katika saba. Naosha sufuria, naanika, nimeinama kwenye jiko, napita getini. Katika zote saba nilikuwa nimempa mgongo.

Nilizitazama mara moja, nikaziweka kwenye droo chini ya karatasi za kuchujia. Nilifikiri, basi ndivyo ilivyokuwa. Hivyo ndivyo alivyoniona, na amekufa akiniona hivyo. Sikuhisi uchungu. Ilikuwa kama kusoma matokeo ya mtihani wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata mke wa mzee alifariki, na binti wa mzee akaja kumchukua baba yake. Studio ikawa duka la vifuniko vya simu. Nilisikia yuko Siongiroi, ambako binti ameolewa na ana duka la dawa za mifugo. Sikwenda kumwona. Sikuwa na sababu ya kutokwenda, ila hakuna mahali nilikuwa naenda.

Mwaka huu shule yetu ilipeleka wasichana kwenye mashindano ya sayansi katika shule moja karibu na Siongiroi, nami nikaenda nao na masanduku ya vifaa. Walipokuwa wanakula chakula cha mchana nilitoka kutafuta betri. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, barabara imejaa ng'ombe na wanaume wenye fimbo. Nilimwona kwenye benchi nje ya duka la binti yake, amekonda, kofia imeshuka mpaka masikioni, anasoma karatasi ya kwenye chupa ya dawa ya kupe.

"Madam wa maabara," alisema kabla sijamsalimia. "Njoo uone upuuzi. Wanasema mililita ishirini kwa maji lita ishirini. Maji gani? Baridi ama moto? Hawasemi."

Nikacheka kidogo, kwa adabu. Nikakaa. Tuliongea juu ya mvua, juu ya mke wake, juu ya goti lake. Binti yake alinisalimia kupitia dirisha. Mzee akawa anaizungusha ile chupa mikononi, mara aniangalie, mara aangalie ng'ombe.

"Sikudhani Mungu atakuleta mpaka hapa," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga kufa nalo."

"Nini, mzee?"

"Ile filamu ya bwana yako. Kile kipande cha kwanza. Hakikuwa cheusi."

Nilimsubiri aendelee. Sikuelewa mara moja.

"Kilitoka safi," alisema. "Ile dawa nzito ilikitoa safi kabisa, kama filamu ya jana. Mimi nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama chai itaweza. Filamu ngumu, ya zamani. Ile ambayo kila mtu angesema haiwezi." Aliizungusha tena ile chupa. "Walinicheka, ulijua. Ulinisomea mawili. Mengine binti yangu alinisomea baadaye yote. Na filamu sikuwa nazo, miaka miwili hakuna mtu aliniletea filamu ila wewe. Nikasema moyoni, huyu hata hataangalia. Huyu hajali. Na kweli hukuuliza."

"Kilikuwa na picha gani?"

Aliiweka ile chupa chini ya benchi.

"Mzee, kilikuwa na picha gani?"

"Ya kwanza ni mti. Ya pili ni wewe. Ile ya mwisho kabisa. Umesimama mlangoni, umemwangalia. Unacheka. Mdomo wote wazi, meno yote nje."

"Kiko wapi?"

"Nilikichoma. Siku ile ile, jikoni. Niliogopa utakiona."

Nilisimama. Sijui niliyoyasema yote. Nakumbuka nilisema mume wangu alikuwekea mashine yako kwenye zizi la ng'ombe, na watu wangemuua. Nakumbuka nilimwita mwizi. Nilikuwa napiga kelele, mimi, katikati ya Siongiroi siku ya soko, nimevaa beji ya mashindano shingoni. Mwanamume mmoja aliyeshika mbuzi alisimama kutazama. Binti wa mzee alitoka mbio na gambuti mkononi akiuliza, "Baba, ni nini? Mama, ni nini amefanya?" Mwili wangu wote ulikuwa wa moto. Nilishangaa, hata nikiwa katikati ya kelele, kwamba nina nguvu kiasi hicho.

"Mwache aseme," mzee alimwambia binti yake. "Ana haki."

Hakujitetea. Hakuomba msamaha pia, nafikiri hakujua namna. Alikaa tu na kofia yake mkononi sasa, kichwa wazi, akiniangalia usoni mpaka nilipomaliza. Yule wa mbuzi akaenda zake. Binti akaleta kiti, akaleta uji, akarudi ndani na kusimama nyuma ya dirisha.

Nilikaa.

Tangu siku ile ya bahasha nilikuwa najua jambo moja juu ya ndoa yangu, nalo lilikuwa si kweli. Nilijaribu kuitafuta hiyo siku. Nilitafuta kicheko, mlango, yeye na kamera. Mwaka ule wote ninachokumbuka ni ukuta. Sikuipata.

"Nilikuwa nimevaa nini?" nilimuuliza.

Alifumba macho kama alivyokuwa akinusa chupa. "Sweta. Ya vifungo. Umeifunga vibaya, upande mmoja umeshuka."

"Nywele?"

"Kitambaa. Lakini kimerudi nyuma, nywele za mbele zinaonekana."

"Miguuni?"

"Hapakuonekana. Aliikata kwenye magoti."

"Nilikuwa namcheka yeye, ama kuna kitu kingine?"

"Ulikuwa unamwangalia yeye. Macho moja kwa moja kwenye kioo cha kamera, hapa." Aligusa katikati ya paji lake. "Sijui alikuambia nini. Picha haisemi."

Niliendelea kuuliza. Niliuliza juu ya mlango, juu ya ukuta, kama kulikuwa na ndoo, kama nilionekana nimekonda. Kila swali alilijibu polepole, na pale ambapo hakujua alisema hajui. Wasichana wangu walikuwa wanasubiri betri na sikuinuka. Mara ya kwanza alipokitazama kile kipande, alisema, alikitazama kwa muda mrefu sana, ndiyo maana alichelewa kutoka.

"Na mikono?" niliuliza.

"Mmoja umeshika mlango. Mwingine umeuleta mbele, kwake. Vidole wazi. Kama mtu anayesema acha hiyo. Ama anayesema lete."

"Ni kipi?"

"Sijui, madam. Nimefikiria miaka minne. Sijui."

Niliunyoosha mkono wangu wa kulia mbele yangu, nje ya lile duka, ng'ombe wakipita.

"Hivi?"

"Inua kidogo."

Nikauinua.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo."